Kabla ya kununua kompyuta, uliza spea zake

Ndugu wasikilizaji, juma hili nazungumzia jambo ambalo wazee wenzangu wataliona ni la kitoto: kompyuta ya kuchezea gemu. Nawaombeni msizime redio. Anayeitaka kompyuta ya namna hiyo aghalabu ni kijana, lakini anayetoa fedha mara nyingi ni mzazi, na fedha yenyewe si ndogo. Isitoshe, swali lililomo ndani yake si la watoto peke yao. Ni swali ambalo nchi yetu imekwisha kuulizwa zaidi ya mara moja, na majibu yake yalitugharimu.

Swali limeletwa kwa barua na kijana wa Mgololo, wilayani Mufindi. Ameanza kwa shikamoo, nami namwitikia hapa hapa hewani: marahaba, mwanangu. Anasema amemaliza kidato cha nne, anatengeneza simu kijijini, na amejiwekea laki tano. Baba yake ameahidi kumwongezea laki saba kwa kuuza sehemu ya shamba lake la misindano. Jumla ni shilingi milioni moja na laki mbili. Anataka kompyuta moja ya mezani, ya kucheza gemu usiku, na mchana kuchapa barua na kutengeneza matangazo ya wateja. Duka moja la Dar es Salaam lina kompyuta ya gemu iliyo tayari, yenye taa za rangi na kioo ubavuni. Rafiki yake wa Iringa mjini anamshauri aiache hiyo, anunue vifaa kimoja kimoja, waiunde wenyewe. Achukue njia ipi?

Kisha anaeleza kwamba baba yake haulizi habari za gemu hata kidogo. Mzee anauliza kitu kimoja tu: ikiharibika, itatengenezwa na nani?

Mzee huyo ana haki ya kuuliza, maana anaishi Mgololo. Huko ndiko kilikojengwa kile kiwanda kikubwa cha karatasi, Southern Paper Mills, ili kitumie miti ya msitu wa Sao Hill. Kilijengwa kwa mikopo ya nje, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa wakopeshaji, kikaanza uzalishaji mwaka 1985. Uwezo wake ulikuwa tani 60,000 za karatasi kwa mwaka. Miti ilikuwapo, maji yalikuwapo na wafanyakazi walikuwapo. Lakini mitambo ilitoka ng'ambo, na vipuri na kemikali vilidai fedha za kigeni katika miaka ambayo nchi haikuwa nazo. Kiwanda hakikufikia uwezo wake, madeni yakapanda, na katika miaka ya 1990 kikasimama. Mwaka 2004 kilibinafsishwa kwa Rai Group ya Kenya, na sasa kinaitwa Mufindi Paper Mills. Mtu aliyeona mashine ya thamani kubwa imekaa kimya jirani na nyumba yake hahitaji kufundishwa maana ya spea.

Hata kompyuta zenyewe tulianza nazo vibaya. Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi iliyotarajiwa haikuleta matunda, hasara ikawa kubwa, na wataalamu wa kuiendesha wakawa ni wa kutoka nje. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na masharti hayo yakalegezwa polepole hadi miaka ya 1990. Nchi ilikuwa imenunua chombo ambacho ufunguo wake ulibaki mfukoni mwa mwingine.

Sisemi kwamba kijana mwenye milioni moja na laki mbili ni sawa na Hazina. Nasema swali ni lile lile. Wanaobishana juu ya kompyuta iliyo tayari na ya kuunda mwenyewe hubishana juu ya bei na sura. Mimi naona la kuuliza kwanza ni hili: kifaa kimoja kikifa, utaweza kukibadilisha mahali unapoishi, bila kumpigia magoti aliyekuuzia?

Hebu basi tufungue kasha lenyewe. Ndani ya kompyuta ya gemu mna vifaa saba. Prosesa ndiyo inayofikiri. RAM ni meza ya kazi. Ikiwa ndogo, kazi hurundikana. SSD ni ghala la kuhifadhia. Kadi ya grafiki ndiyo inayochora picha za gemu, na ndiyo hutofautisha kompyuta ya gemu na ya ofisini. Mazabodi ni ubao unaounganisha vyote. Pawa saplai ndiyo inayogawa umeme. Cha saba ni kasha. Taa za rangi si kifaa cha nane. Haziongezi kasi hata chembe, na kwenye fedha kidogo kila shilingi ya taa imeondolewa kwenye kadi ya grafiki.

Sasa tuipe kila njia haki yake. Kompyuta iliyo tayari ina faida tatu. Vifaa vimekwisha kujaribiwa pamoja. Unaiwasha siku ile ile. Tena kuna mtu mmoja wa kumlalamikia, ikiwa amekuandikia dhamana. Lakini dhamana ina umbali wake. Mkazi wa Kinondoni ataibeba mashine kwenye bajaji hadi dukani. Mkazi wa Mgololo ataisafirisha karibu kilometa 80 hadi Mafinga, kisha zaidi ya kilometa 500 hadi Dar es Salaam, alipe nauli yake na ya mzigo, alale, asubiri fundi. Dhamana ya miezi sita inaweza kwisha kwa safari mbili.

Ubaya wa pili ni kwamba muuzaji wa mashine ya bei ya chini huficha pale usipopaona. Tangazo husema i7, RAM 16, SSD 512, basi. Halisemi i7 ya kizazi gani. Prosesa ya i7-2600 ni ya mwaka 2011 na ina viini vinne. I5-8500 ni ya mwaka 2018 na ina viini sita. Ya pili ina jina dogo lakini ni bora kwa mbali. Tazameni tarakimu zinazofuata kistari: 2600 ni kizazi cha pili, 4590 cha nne, 8500 cha nane, 10400 cha kumi. Muuzaji asiyetaka kukutajia namba hiyo ana sababu yake. Mahali pengine panapofichwa ni pawa saplai. Pawa saplai hafifu haionekani kwenye picha ya tangazo, lakini ikifa vibaya huweza kufa na vingine.

Njia ya pili ni kuunda mwenyewe. Uzuri wake ni kwamba unajua kila shilingi imekwenda wapi, na vifaa ni vya vipimo vya kawaida, vinavyoingia kwenye kasha lolote la kawaida. Mathalani prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka 2021, ina sehemu ya kuchora picha ndani yake. Mtu anaweza kuanza bila kadi ya grafiki, akacheza gemu nyepesi, akanunua kadi mwaka unaofuata. Akifanya hivyo, aweke RAM mbili za gigabaiti 8 badala ya moja ya 16, maana sehemu hiyo ya picha hukopa RAM, na njia mbili hupitisha mzigo haraka kuliko moja.

Ubaya wake ni kwamba vifaa vipya kimoja kimoja hula fedha. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zilipanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vichache vinavyozitengeneza vilielekeza nguvu kwenye mashine za akili mnemba. Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kwamba itaacha kuwauzia wateja wa rejareja RAM za chapa ya Crucial. Mtu mwenye milioni moja na laki mbili, ambaye bado hajanunua monita, kibodi wala stebilaiza, akianza kununua kila kitu kipya atafika katikati ya njia na mfuko mtupu. Na mashine isipowaka, kila muuzaji atamsukumia mwenzake lawama.

Ipo njia ya tatu, na ndiyo vijana wengi wenye fedha kidogo huifuata. Ni kununua kompyuta ya ofisini ya mtumba, aina ya Dell OptiPlex au HP EliteDesk, halafu kuitia kadi ya grafiki. Mashine hizo zilitumika katika maofisi ya Ulaya na Marekani, zikaondolewa, zikaletwa huku. Zimeundwa kudumu, na zinakuja na prosesa, RAM na SSD ndani yake. Wakati RAM ni ghali, RAM iliyomo ndani ya mtumba ni fedha iliyolala humo.

Hata hivyo mtumba una mitego, na ningependa mwenye kalamu aandike.

Mtego wa kwanza ni ukubwa wa kasha. Mashine hizo huja kwa saizi tatu. Kuna ndogo kama kitabu. Hiyo iache, haina nafasi ya kadi ya grafiki, na RAM yake ni ya kompyuta ndogo ya mapajani. Kuna nyembamba, hiyo hupokea kadi fupi tu, zenye nusu kimo, ambazo ni chache madukani. Kuna ya mnara kamili. Hiyo ndiyo ya kutafuta. Nendeni na rula, pimeni nafasi ya kadi kabla ya kulipa.

Mtego wa pili ni umeme. Pawa saplai za mashine hizi ni ndogo. Aidha kampuni hizo zina tabia ya kutumia plagi zao wenyewe: kompyuta ya kawaida huwa na plagi kuu ya pini 24, lakini OptiPlex 9020 ina ya pini 8, na EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6. Huwezi kuchukua pawa saplai yoyote ya dukani ukachomeka bila waya wa kugeuzia. Kwa hiyo chagueni kadi inayokula umeme kidogo. Soketi ya kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75 tu. Kadi kama GTX 1650, katika toleo lisilohitaji waya wa ziada wa umeme, inatosheka na hizo. RX 580 hula wati 185 na inataka waya wake. Ukiitia kwenye mashine ya ofisini bila kubadili pawa saplai unatafuta moshi.

Mtego wa tatu ni umri. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa prosesa za Intel, kwa jumla inataka kizazi cha nane na kuendelea. Mashine ya kizazi cha nne itawaka, na gemu za zamani kama GTA San Andreas zitakwenda bila tabu, lakini mlango wake wa mbele umekwisha kufungwa. Gemu ya Valorant, kwa mfano, ikichezwa kwenye Windows 11 hudai ulinzi wa TPM 2.0, ambao mashine za zamani hazina. Vivyo hivyo kwa kadi: Nvidia iliacha kutoa programu mpya za gemu kwa GTX 1050 Ti na ndugu zake mwezi Oktoba 2025, ikabakiza marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Tofauti ya bei kati ya kadi hiyo na GTX 1650 ikiwa ndogo, ongeza.

Mtego wa nne ni udanganyifu. Kuna kadi kuukuu sana ambazo zimebadilishwa maandishi ya ndani ili kompyuta izitaje kwa jina la kadi mpya. Ipo programu ndogo ya bure, GPU-Z, ambayo hufichua nyingi kati ya hizo. Ibebeni kwenye flashi, muiendeshe mbele ya muuzaji. Kisha chezeni gemu au jaribio zito kwa nusu saa hapo hapo dukani. Kadi iliyochoka kwa kuchimbia sarafu za mtandaoni mchana na usiku inaweza kuonyesha ugonjwa wake ikipata joto. Muuzaji mkweli atakupa kiti ukae. Anayekukatalia umuage kwa heshima.

Sasa narudi kwenye swali la mzee: itatengenezwa na nani? Hapa nina kanuni moja ambayo naiona ina thamani kuliko yote niliyoyataja. Nunua mashine yenye ndugu wengi. Kabla ya kulipa, mwulize muuzaji anazo ngapi za namba ile ile. Waulize mafundi wa Mafinga na wa Iringa ni aina gani wanaifungua kila juma, na shule na ofisi za karibu zinatumia ipi. Mazabodi ya OptiPlex haibadiliki kwa ya kampuni nyingine, kweli, lakini kama zipo nyingi za aina yake mjini, iliyokufa ya mwenzako itakuwa spea yako. Mashine nzuri iliyo peke yake mkoa mzima ni yatima.

Kwa hiyo, kwa kijana wa Mgololo, ushauri wangu ni huu. Aiache ya taa za rangi. Asianze pia kununua kila kifaa kipya. Atafute mnara wa ofisini wa kizazi cha nane au zaidi, wenye RAM gigabaiti 16 za aina ya DDR4 na SSD, aongeze kadi ya wati 75, na monita ya mtumba ya inchi 22 au 24. Mashine ya namna hiyo itacheza Counter-Strike 2, mpira wa EA Sports FC na GTA V kwa mipangilio ya chini au ya kati, na mchana itafanya kazi za wateja bila manung'uniko. Siku mazabodi yake itakapokufa, RAM, SSD na kadi havitakufa nayo. Vitahamia kwenye kasha jipya, na hapo ndipo ataunda mwenyewe, kidogo kidogo, kwa fedha alizochuma kwa mashine ile ile.

Asitumie fedha yote kwenye kasha. Atenge fungu la stebilaiza nzuri, na ikiwezekana UPS, maana umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo huua vifaa. Atenge pia fungu la bando. GTA V peke yake ni zaidi ya gigabaiti 100. Kuishusha kwa simu kijijini ni gharama. Ni nafuu aende na diski ya nje kwa rafiki yake wa Iringa, anakili mafaili, kisha ajisajili kwa akaunti yake aliyoinunulia gemu.

Wapo watakaouliza kwa nini asinunue kompyuta ya mapajani, ambayo ina betri. Hoja hiyo ina nguvu mahali penye umeme wa mashaka, na kwa mwanafunzi anayehama bweni hadi bweni ningeiunga mkono. Lakini kompyuta ya mapajani yenye uwezo wa gemu kwa fedha hiyo ni adimu, na kadi yake ya grafiki aghalabu imechomelewa kwenye ubao. Ikifa, umekufa ubao mzima.

Wala sisemi kila mtu afuate njia hii. Mkazi wa mjini asiyependa kushika bisibisi, aliye karibu na duka lenye dhamana ya maandishi, anunue iliyo tayari, hakuna aibu. Mwenye fedha ya kutosha na fundi wa kumsimamia aunde kutoka mwanzo. Kila mmoja apime umbali kati ya nyumba yake na mtu anayeweza kuifungua mashine yake.

Neno la mwisho nawaambia wazazi. Shamba la misindano haliuzwi mara mbili. Ukishakata, unangoja miaka. Ni halali kumhoji kijana. Lakini msimhoji kama gemu ni upuuzi au si upuuzi, maana ubishi huo hauna mwisho. Mwambieni awaonyeshe, kwa kidole, pawa saplai ni ipi na inatoa wati ngapi; awataje mafundi wawili wanaoweza kuibadilisha; na akishainunua aifungue mbele yenu, aitoe RAM, airudishe, na mashine iwake. Kijana anayeweza hayo hamjamnunulia mchezo tu. Mmempa kijiji fundi wake wa kwanza wa kompyuta. Asiyeweza, mwambieni asubiri, ajifunze kwanza kwenye mashine mbovu, miti haitakimbia.

Nawatakieni juma jema. Kwaherini.